Sharti la kutoshindana kwenye mkataba wa fransaizi: namna ya kulisoma, kulipima na kulipinga

Mama mmoja wa Uyole, Mbeya, aliniletea mkataba ndani ya bahasha ya kaki: kurasa 31, Kiingereza kitupu, ukurasa wa 24 umekunjwa pembe. Kwa miaka 3 alikuwa ameendesha duka la vyakula vya mifugo na dawa za kuku kwa jina, rangi na bei za kampuni ya nje ya mkoa, ndiyo biashara iitwayo fransaizi. Zilikuwa zimebaki wiki 7 mkataba uishe. Hakutaka kuendelea, kwa sababu mifuko ya chakula ilikuwa ikichelewa mpaka wafugaji wanahamia duka la jirani. Alitaka abaki palepale kwenye fremu yake, auze chakula cha kiwanda kingine. Ukurasa wa 24 ulisema hawezi kufanya hivyo kwa miaka 5.

"Wakili mwanangu, mimi nilisaini tu," aliniambia. "Fundi yuko juu ya ngazi anapachika bango, gari la mzigo liko mlangoni. Karatasi zote hizo ningezisoma saa ngapi?"

Nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike, lakini shida yake naikuta kuanzia Tunduma mpaka Mafinga: mgahawa wa kuku, saluni, maabara ndogo, duka la pembejeo. Mtu akishafika hapo, mtaani hupewa ushauri wa aina mbili. Wapo watakaomwambia ukisaini umesaini, funga duka. Wapo watakaomwambia masharti ya hivyo ni vitisho tu, mahakama haiyajali, endelea na biashara. Nimeona watu wakipoteza duka kwa kuufuata wa kwanza, na wengine wakipoteza duka pamoja na nyumba kwa kuufuata wa pili.

Mahakama huangalia ukubwa wa sharti. Linakukataza biashara gani, eneo gani, kwa muda gani, na linamlinda mwenye chapa dhidi ya nini hasa. Likiwa dogo kiasi cha kutosha, litakufunga hata kama hukulisoma. Likizidi mno, laweza kuanguka lote, na mwenye chapa akabaki mikono mitupu. Ndiyo maana mwongozo huu nimewaandikia wote wawili, ingawa sifichi kwamba moyo wangu uko zaidi kwa yule wa kwenye fremu.

Nitamwita "mwenye chapa" yule anayemiliki jina na mfumo, na "mwendeshaji" yule anayelipa ada ili avitumie.

Hatua ya kwanza: yatafute masharti yote, maana hayakai pamoja

Watu husoma kifungu chenye kichwa cha kutoshindana wakadhani wamemaliza. Chukua kalamu ya rangi, pitia mkataba mzima, na upigie mstari kila sentensi inayokuzuia kufanya jambo, iwe sasa au baadaye. Kwa kawaida utakuta katazo la kushindana wakati mkataba unaendelea, ambalo mara nyingi halina ubishi mkubwa: huwezi kuuza kuku wa chapa hii huku umefungua banda la kuku wako hatua kumi mbele. Utakuta katazo la baada ya mkataba kuisha, na hilo ndilo lenye ugomvi. Mbali na hayo kuna kutowafuata wateja, kutowachukua wafanyakazi, kutunza siri za mapishi au mchanganyiko, na kununua bidhaa kwa mwenye chapa peke yake.

Halafu tazama sehemu ambazo hazifanani na katazo ila zinakuzuia vilevile. Kifungu cha pango kinaweza kumpa mwenye chapa haki ya kuichukua fremu. Kifungu cha mawasiliano kinaweza kusema namba ya simu ya dukani ni mali yake. Huyu mama namba yake ya WhatsApp ilikuwa na wafugaji zaidi ya 400, na namba hiyohiyo ndiyo iliyobandikwa ukutani pamoja na Lipa Namba. Kukabidhi namba ile kungemuumiza kuliko kuhamisha duka. Tazama pia ukurasa wa saini: kama mumeo, mkeo au ndugu yako alisaini kama mdhamini, huenda naye amefungwa na masharti yaleyale.

Ukimaliza, andika karatasi moja tu: nimekatazwa nini, wapi, mpaka lini. Kama mkataba ni wa Kiingereza na kichwa hakikamati, lipa utafsiriwe vifungu hivyo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, hivyo tafsiri hiyo itakufaa hata mbele ya safari.

Hatua ya pili: angalia mkataba unafuata sheria ya nchi gani

Kifungu hiki huwa kurasa za mwisho, na watu hukiruka. Chapa nyingi zinazoingia kwetu zimeandikiwa mikataba kwingine, na jibu hubadilika kutoka nchi moja hadi nyingine.

Afrika Kusini, tangu hukumu ya Magna Alloys ya mwaka 1984, sharti la kutoshindana huchukuliwa kuwa halali mpaka anayelipinga athibitishe kuwa linakwenda kinyume na maslahi ya umma. Mzigo ni wa mwendeshaji. Uingereza mzigo huanzia upande wa pili: mwenye chapa ndiye wa kuonyesha kwamba sharti lina kiasi. Marekani hutofautiana jimbo kwa jimbo. California sheria yake hulikataa katazo la kufanya kazi au biashara halali, isipokuwa katika mambo machache kama kuuza biashara. Texas sheria inamtaka jaji alirekebishe sharti lililozidi mpaka liwe na kiasi. Nataja haya kwa sababu mikataba mingi ninayoletewa imenakiliwa kutoka kwenye vielelezo vya Marekani, na ndani yake kuna sentensi isemayo mahakama italipunguza sharti likizidi. Sentensi hiyo ina nguvu Texas. Isikutishe kabla hujajua kama inatumika Mbeya.

Kwetu, mahali pa kuanzia ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo katika kifungu cha 23 inakataa makubaliano yaliyo kinyume cha maslahi ya umma. Kisha kuna urithi wa Kiingereza: Sura ya 358, sheria inayoeleza mahakama zetu zitumie sheria zipi, katika kifungu cha 2(3) inazipa kanuni za komon loo na ekwiti (kanuni zilizojengwa na hukumu za majaji) zilizokuwapo Uingereza tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri mazingira yetu yanavyoruhusu. Hukumu za huko za baada ya hapo hazitufungi, ila mawakili huzitumia kumshawishi jaji, na majaji huzisoma. Hakuna sheria maalumu ya fransaizi hapa Tanzania ya kumkinga mwendeshaji, kwa hiyo ulinzi wako wote umo ndani ya kanuni hizi za jumla. Kama makubaliano yanabana ushindani wa soko kwa upana, kuna pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume yake, lakini kwa duka moja la Uyole mlango huo ni nadra kufaa.

Angalia vilevile kama kuna kifungu cha usuluhishi. Kama kipo, ugomvi wenyewe utaamuliwa na msuluhishi chini ya Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020, na ukikimbilia mahakamani mwenzako anaweza kuomba kesi isimamishwe.

Hatua ya tatu: lipime sharti

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo ningependa ukae muda mrefu zaidi.

Kipimo cha zamani kinatoka kwenye kesi ya Nordenfelt ya mwaka 1894. Mtu aliuza kiwanda chake cha bunduki na risasi akakubali kutofanya biashara hiyo popote duniani kwa miaka 25. Sharti likasimama, kwa sababu wanunuzi wa bidhaa ile walikuwa serikali za dunia nzima na muuzaji alikuwa amelipwa fedha nyingi. Kwa hiyo usidhani miaka mingi pekee inaua sharti. Katazo la kuzuia biashara kwa asili halikubaliki, ila litakubalika likiwa na kiasi kwa pande zote mbili na lisiudhi maslahi ya umma.

Swali la kwanza: mwenye chapa analinda nini? Kukukataza ushindani kwa kuwa tu hapendi kushindana nawe hakutoshi. Lazima awe na kitu chake: wateja waliolizoea jina, siri ya mchanganyiko, mafunzo ya mfumo, au nafasi ya kumweka mwendeshaji mpya eneo lile bila kumkuta wa zamani amekalia wateja wote. Hilo la mwisho mahakama za Uingereza zimelikubali mara nyingi kwenye kesi za fransaizi, na mimi naona ni haki. Mama wa Uyole mwenyewe alikiri kwamba miezi ya mwanzo watu waliingia dukani kwa sababu ya bango.

Swali la pili ni eneo. Usibishane kwa maneno, leta ramani. Tulichukua daftari lake la mauzo ya mkopo na miamala ya Lipa Namba ya miezi 3, tukaandika kila mnunuzi anakotoka. Wengi mno walikuwa Uyole, Igawilo na Isyesye. Wachache walitoka Inyala. Wawili walipanda daladala kutoka Mwanjelwa kwa sababu ya dawa fulani. Kutoka Tukuyu, ingawa barabara ya kwenda huko na Kyela inapita palepale mlangoni pake, hakukuwa na hata mmoja. Sasa mkataba unapomkataza Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, mwenye chapa anamlinda mteja yupi wa Makambako ambaye mama huyu amewahi kumwona? Ramani ya namna hii, iliyochorwa kwa mkono na kuambatishwa na kumbukumbu za mauzo, ina uzito kuliko kurasa kumi za hoja.

Swali la tatu ni muda. Jiulize: mwendeshaji mpya akifungua leo, atahitaji muda gani kuwajua wateja na wao kumjua? Kwa chakula cha kuku jibu linatoka bandani. Kuku wa nyama hufika sokoni kwa wiki 5 hadi 6, kwa hiyo mfugaji wa broila anarudi dukani na kundi jipya mara kadhaa kwa mwaka, na kila kundi ni nafasi ya kubadili duka. Kuku wa mayai huanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20, na mfugaji wake hapendi kubadili chakula katikati. Ukichanganya hao wawili, miezi 6 naiona inaeleweka, mwaka mmoja unabishaniwa, miaka 5 hakuna anayeweza kuieleza kwa hesabu yoyote ya banda. Mgahawa wa pale Miyomboni, Iringa, ungetoa jibu fupi zaidi, maana mla chipsi husahau bango ndani ya wiki chache. Biashara ya mikataba ya mwaka mzima, kama ulinzi au usafi wa maofisi, ingetoa jibu refu zaidi.

Swali la nne ni aina ya biashara. Uliendesha duka la chakula cha mifugo, lakini umekatazwa "biashara yoyote ya kilimo". Hapo hata kuuza mbegu za mahindi ni kosa. Sharti limetoka nje ya kile lilichokuja kulinda.

Mwisho, nguvu za waliosaini. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya Dwyer dhidi ya Fredbar, fransaizi ya kuzibua mifereji na mabomba huko Cardiff. Katazo lilikuwa la mwaka mmoja tu, ndani ya eneo lake na maili 5 kulizunguka. Hata hivyo likakataliwa. Mahakama ilitazama ni nani aliyekuwa anajadiliana na nani: mtu aliyeacha ajira na kuweka akiba yake, asiye na uzoefu wa biashara ile, mbele ya kampuni ambayo masharti yake yalikuwa ya kukubali au kuacha. Haina maana kila katazo la mwaka mmoja litaanguka. Ila kama wewe ulipewa mkataba siku ya kupachika bango, andika hayo yote ukiwa bado unayakumbuka: tarehe uliyopewa, kama uliomba mabadiliko, ulijibiwa nini, ulikopa wapi mtaji.

Hatua ya nne: jaribu penseli

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: kama sharti limezidi, jaji atalipunguza?

Kwa desturi ya Kiingereza, jaji anaweza kukata maneno. Haongezi wala habadilishi. Ni kama mtu mwenye penseli ya bluu: anapiga mstari juu ya maneno yaliyozidi, na kama sentensi iliyobaki inasomeka yenyewe, inabaki. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Tillman dhidi ya Egon Zehnder, ilifuta maneno machache yaliyomkataza mfanyakazi hata kuwa na hisa kwenye kampuni shindani, ikayaacha mengine yamfunge. Ikaweka masharti ya kukata: yanayobaki yasihitaji kuongezewa wala kurekebishwa neno, na mkato usibadilishe kwa kiasi kikubwa athari ya makatazo kwa ujumla.

Fanya zoezi hili mezani kwako. Chukua sharti la mfano:

"Mwendeshaji hatafanya, moja kwa moja au kupitia mtu mwingine, biashara ya vyakula vya mifugo, dawa za mifugo, au biashara nyingine yoyote ya kilimo, katika Jiji la Mbeya, au mahali pengine popote Afrika Mashariki, kwa miaka 5 tangu mkataba kuisha."

Kata "au biashara nyingine yoyote ya kilimo". Inasomeka. Kata "au mahali pengine popote Afrika Mashariki". Bado inasomeka, na katazo sasa ni la vyakula na dawa za mifugo, Jiji la Mbeya. Fika kwenye "miaka 5". Ukikata namba, sharti halina muda kabisa, na limekuwa baya zaidi. Ukiandika mwaka 1, umetunga mkataba mpya, na kazi hiyo si ya penseli. Kwa hiyo sharti lote linasimama au kuanguka juu ya ile miaka 5.

Ukielewa hapo utaona kwa nini mikataba ya kampuni kubwa hutenganisha kila kitu kwa mikato na herufi: mji, mkoa, kanda, kila kimoja kwenye mstari wake. Wanamrahisishia jaji kazi ya kukata. Mikataba ya kienyeji husema "Nyanda za Juu Kusini" kwa pumzi moja, na penseli haina pa kushika.

Usimtegemee jaji akuokoe kwa mkato. Anaweza kukata yaliyozidi na kukuachia kipande kinachokuumiza hasa. Mama wa Uyole hakuwa na mpango wa kwenda Kenya, alitaka kubaki Uyole. Kwenye lile sharti la mfano, angeweza kushinda Afrika Mashariki yote na kushindwa mlangoni kwake.

Hatua ya tano: kusanya alichokukosea mwenye chapa

Kuna hukumu ya mwaka 1909, General Billposting dhidi ya Atkinson, ambapo mwajiri aliyemfukuza meneja wake kinyume cha mkataba alizuiwa kumfunga kwa sharti la kutoshindana. Mawakili hulitumia wazo hilo kwenye fransaizi: mwenye chapa aliyevunja mkataba kwenye kiini chake asije tena kudai masharti ya baada ya mkataba. Kwa hoja hii lazima uvunjaji uwe mkubwa, na wewe uwe umeuchukulia hivyo wakati ule, kwa maandishi. Ukivumilia miaka 2 halafu ukakumbuka siku ya kushtakiwa, hoja imepoa.

Weka pamoja oda ulizotuma, tarehe mzigo ulipofika, ujumbe wa simu wa kulalamika, risiti za ada ulizolipa. Picha za skrini peke yake hupotea. Zichapishe, na simu yenyewe usiifute. Kagua pia BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama chapa imesajiliwa na kwa jina la nani. Hapa bara usajili wa kwanza wa alama hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10. Chapa isiyosajiliwa au iliyokwisha muda haifuti mkataba wako, lakini inapunguza sauti ya anayedai unamharibia jina.

Hatua ya sita: ongea kabla ya kutoka, na utoke safi

Wiki zile 7 ndizo zilizomwokoa mama yule. Mtu ambaye bado analipa ada na bado ana mzigo wa kampuni rafu nzima ana cha kujadiliana. Akishashusha bango usiku na kupandisha jipya asubuhi, kinachofuata ni barua ya wakili.

Barua yako iwe fupi. Sema hutahuisha mkataba, taja tarehe ya mwisho, eleza kwa nini unaona sharti limezidi, kisha pendekeza sharti dogo unaloweza kuishi nalo. Pendekezo hilo linaweza kukubaliwa. Ongeza maneno "bila kuathiri haki za upande wowote" juu ya barua za mapatano.

Vya mwenye chapa mrudishie vyote: mabango, sare, vitabu vya mafunzo, fomula, mfumo wa kompyuta. Paka ukuta rangi nyingine. Hata kama sharti la kutoshindana litaanguka lote, kutumia alama ya mwenzako au kuwafanya wateja wadhani bado uko naye ni kosa linalosimama peke yake, na siri za biashara zinalindwa bila kujali ukurasa wa 24. Usinakili orodha ya wateja. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hata wao wana haki zao juu ya majina na namba hizo.

Na tafadhali usifungue duka kwa jina la mdogo wako. Karibu mikataba yote husema "kupitia mtu mwingine", na jaji akiona mdogo wako ana leseni huku wewe ndiye uko kaunta, hatakuamini tena hata pale unaposema kweli.

Hatua ya saba: ukishtakiwa

Kwa kawaida vitu viwili huja pamoja: madai yenyewe, na ombi la zuio la muda chini ya Amri ya 37 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai. Hati yako ya utetezi inatakiwa ndani ya siku 21 tangu upewe hati ya wito. Usizihesabu kwa kukisia. Andika tarehe uliyopokea juu ya nakala yako.

Ombi la zuio ndilo vita halisi. Amri yake haizidi miezi 6, na ikiongezwa jumla haizidi mwaka mmoja, lakini kama katazo lenyewe ni la mwaka, zuio likitolewa umekwisha kulitumikia kabla kesi haijasikilizwa. Mahakama huangalia mambo matatu yaliyowekwa kwenye kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969: kuna hoja nzito ya kuamuliwa, mwombaji atapata hasara isiyofidika kwa fedha, na ni nani ataumia zaidi zuio likitolewa au likikataliwa. Kiapo chako kinzani kijibu yote matatu kwa vitu: ramani ya wateja, kodi ya fremu, mkopo wa benki na marejesho yake ya kila mwezi, idadi ya wafanyakazi. Onyesha kwamba hasara yake inahesabika kwa fedha, kwa mfano kwa ada alizokuwa akipata kwako. Jitolee kutunza hesabu za mauzo yako mpaka kesi iishe. Mara nyingi hilo humtuliza jaji.

Kwenye utetezi, wakili wako atangulize hoja kwamba sharti ni batili lote, na hoja ya kupunguza iwe ya akiba. Ukianza na ya kupunguza umekwisha kukubali kuwa kuna kitu cha kubaki. Kama mkataba umetaja faini, kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinampa mdai fidia ya kiasi isiyozidi ile namba. Namba yenyewe haiwi haki yake moja kwa moja. Na zuio likishatolewa, litii siku hiyohiyo, hata kama unakata rufaa. Kumbuka pia madai ya mkataba yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka 6, kwa hiyo aliyevunja katazo la mwaka mmoja anaweza kudaiwa fidia muda mrefu baada ya katazo kwisha.

Kama hujasaini bado

Basi una nafasi ambayo wateja wangu wengi hawakuitumia. Omba mkataba wiki 2 kabla ya kulipa chochote. Omba eneo lichorwe kwenye ramani na kutajwa kwa kata. Omba biashara iliyokatazwa iandikwe kwa jina, na biashara uliyokuwa nayo kabla, iwe mashine ya kusaga au stoo ya mpunga, iachwe nje. Omba katazo lisitumike kama mwenye chapa ndiye atakayevunja mkataba au kuondoka mkoani, na liwe fupi zaidi kama umeendesha chini ya mwaka. Sajili namba ya simu ya pili tangu siku ya kwanza na ukubaliane ipi ni ya nani.

Wewe mwenye chapa unayekua, mwenye banda la kuku pale Kabwe unayetaka kufungua Vwawa na Njombe kwa mikono ya watu wengine, nakusihi uombe kidogo. Miezi 6, kata tatu, bidhaa zilezile. Utapewa na mwendeshaji kwa hiari, na jaji hatakuwa na cha kukata. Lipia ushuru wa stempu mapema pia, maana hati isiyolipiwa haipokelewi kama ushahidi mpaka ilipiwe, na siku ya kuomba zuio la haraka huna muda wa kuhangaikia stempu.

Mama wa Uyole na kampuni ile walikutana mara mbili, mara ya pili ofisini kwangu. Walisaini kurasa 2 za Kiswahili: miezi 8 bila kuuza chakula cha kuku ndani ya Uyole na Igawilo, dawa na chakula cha ng'ombe ruksa, namba ya zamani inakwenda kwa kampuni, fremu inabaki kwake. Alisoma kila mstari kwa sauti kabla ya kushika kalamu. Alipofika kwenye tarehe ya mwisho wa katazo akaomba iandikwe kwa siku, mwezi na mwaka badala ya "miezi 8", ikaandikwa hivyo.